Maji ya Nyumba Namba Saba

Alhamisi, siku moja baada ya Dhuleti, sikukuu ya rangi, saa moja na nusu asubuhi, Nirupaben Raval aliingia lango la Mithi Kui na kukuta mtaa umebaki na rangi moja tu. Jana yake watu walikuwa wamepakana rangi, wakubwa kwa wadogo, mpaka ng'ombe anayelala langoni akageuka waridi. Jioni walijisugua kwa mafuta na unga wa dengu. Nyekundu ikatoka, kijani ikatoka, hata ile zambarau inayong'ang'ania nyuma ya masikio ikafifia. Manjano ilibaki, kwa kuwa ilikuwa mahali ambapo unga wa dengu haufiki. Ilikuwa ndani ya macho ya watu.

Wa kwanza kumwona alikuwa Harshad, fundi cherehani wa nyumba namba kumi na nne, aliyekaa barazani kajifunika shali ilhali jua lilikwisha kuwa kali.

"Harshad, macho yako yana nini?"

"Rangi tu, Nirupaben. Jana walinimwagia ndoo nzima."

"Na kwenye mkojo walikumwagia pia?"

Fundi akainamisha kichwa. Mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi, na ulikuwa hivyo kwa wiki tatu sasa.

Nirupaben alikuwa mkaguzi wa afya wa manispaa katika kata ile ya mji mkongwe wa Ahmedabad kwa miaka ishirini na sita. Mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minne, raba miguuni chini ya sari, asiye na subira na mtu anayemficha ugonjwa. Mithi Kui ina nyumba kumi na nne tu, saba upande huu wa kona na saba upande wa pili, na mwisho wake ni ukuta. Kufikia saa nne alikuwa ameshagonga milango yote na kupata wagonjwa kumi na saba. Wote walikuwa wa nyumba namba nane hadi kumi na nne. Namba moja hadi saba, hakuna hata mmoja.

Hapo kwenye saba akashusha pumzi, maana ndiko alikoolewa Falguni.

Falguni alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Nirupa ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, akamsomesha, na miaka mitatu iliyopita akamleta mwenyewe kwenye mlango huu na kumkabidhi kwa Revaben, mama mkwe wake. Sasa Falguni alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Jumapili hii, Jumapili njema ya mwisho kabla ya mwezi mkosi kuanza, ilikuwa sherehe yake ya kujazwa mapajani mchele na nazi, kisha arudi kwa Nirupa kujifungua.

Na ugonjwa huu Nirupa aliujua. Homa ya ini, ile aina ya E, inayosafiri kutoka chooni kwa mtu mmoja hadi kwenye kikombe cha mwenzake. Mtu mwenye nguvu zake humlaza wiki tatu nne, akaamka. Mwenye mimba kubwa ni habari nyingine kabisa. Katika kila wanne au watano wanaougua, unaweza kumzika mmoja. Mwaka wake wa kwanza kazini Nirupa alimwona msichana mmoja ng'ambo ya mto akienda hivyo kwa siku tatu, na mpaka leo jina lake analikumbuka.

Alipogonga namba saba Falguni alikuwa bado amelala, kwa hiyo sasa akampigia simu. Usinywe kitu ambacho hakijachemka, akamwambia, hata mate yako ukiweza kuyachemsha yachemshe. Falguni akacheka, akamwambia mama mdogo, unazidi kuzeeka vibaya.

Saa kumi alasiri kulikuwa na vurugu langoni. Mwenyekiti wa mtaa, Ambalal, na wanaume wengine watano walikuwa wameng'oa mkono wa mashine ya kukamua miwa ya Bhanwar, Mrajasthani mmoja mpole aliyekuwa akiuza juisi pale. Bhanwar alikuwa amekalia mzigo wake wa miwa, mikono katikati ya magoti.

Ambalal akamweleza Nirupaben kwamba upelelezi umeisha. Wagonjwa wote kumi na saba wamekunywa kwa huyu bwana, amewauliza mmoja mmoja. Barafu yake inatoka wapi, Mungu ndiye anajua. Alichotaka ni Nirupaben aandike, na mtu huyu aondoke kabla ya jioni.

Nirupa akamgeukia Bhanwar. "Ulianza kuuza hapa lini?"

"Siku ya Shivratri, dada. Februari kumi na tano."

"Ambalalbhai, ni kweli?"

Mwenyekiti akakiri kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemruhusu siku hiyo. Nirupa akaagiza Harshad aitwe. Akaja taratibu, kashikiliwa na mama yake Jivkor, kikongwe wa miaka sabini na miwili mwenye mdomo usiopumzika.

"Macho yako yalianza lini, Harshad?"

"Tarehe kumi na mbili. Nakumbuka, nilikuwa na suti ya bwana harusi, nikashindwa kuimaliza."

"Siku tatu kabla huyu hajafika. Sasa kwa nini ulikunywa juisi yake?"

Jivkor ndiye aliyejibu, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Kwani wewe umezaliwa wapi, Nirupa? Mtu macho yakigeuka manjano anapewa juisi ya miwa. Glasi tatu kwa siku, ini lipoe. Mama yako hakukwambia?"

"Aliniambia," akasema Nirupa. "Na mama zenu wote waliwaambia. Ndiyo maana kila mgonjwa yuko kwa Bhanwar. Mmemkamata mwenye duka la dawa kwa sababu wagonjwa wote mmewakuta dukani kwake."

Ambalal alitazama mkono wa mashine alioushika, kisha akaurudisha mahali pake. Skrubu zikamshinda, Bhanwar akainuka kumsaidia.

Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro dakika tano, Nirupa alikuwa kwenye kifuniko cha chuma nje ya lango pamoja na Manharbhai, mzee ambaye kazi yake ni kufungulia mtaa maji. Mithi Kui hupata maji kwa muda wa saa moja na nusu tu kila siku. Saa kumi na mbili kamili Manharbhai akazungusha ufunguo wake mrefu, na mtaa mzima ukasikika ukiamka kwa ndoo.

Nirupa alikuwa na vichupa na dawa ya matone. Maji yenye klorini yakidondoshewa tone hugeuka manjano. Safari hii manjano ndiyo aliyoitaka. Langoni: manjano. Nyumba namba sita: manjano. Saa kumi na mbili na dakika kumi, namba kumi na nne kwa Jivkor: manjano. Akaanza kujiuliza kama amepoteza asubuhi yake.

Kutoka juu ya nyumba namba saba nyimbo za ibada zikaanza, redio ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Jivkor akatikisa kichwa kwa kufuata ngoma.

"Huyo Revaben," akasema. "Tangu kesho yake ya Uttarayan, sikukuu ile ya Januari, kila asubuhi saa hii hii, hakosi. Anataka mtoto aliye tumboni asikie maneno mema. Mimi wangu sita walisikia matusi ya baba yao tu."

Nirupa akatabasamu. Moyo wake ulimpenda Revaben kwa nyimbo zile. Ndipo Jivkor akamwonyesha bomba lake na kulalamika kwamba saa hizi kila siku linaacha kutoa na kuanza kuvuta. Nirupa hakuelewa. Akaweka pindo la sari yake kwenye mdomo wa bomba, na bomba likalinyonya pindo ndani.

Akasimama pale akiwa ameshika sari yake. Alijua maana yake. Mtu fulani alikuwa amefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, jambo lililokatazwa. Bomba lililojaa maji, hata likiwa na ufa, hutema nje. Linaponyonywa, ufa huo huo humeza, na katika Mithi Kui bomba la maji hupita ndani ya mfereji wa maji taka, kama walivyolipitisha babu zao.

Saa kumi na mbili na nusu akapima tena kwa Jivkor. Tone likaanguka, maji yakabaki meupe. Namba kumi na mbili, meupe. Namba nane, meupe. Akarudi akipima mlango kwa mlango, na saa moja kasoro dakika kumi akafika kwenye bomba lililo chini ya ngazi za namba saba. Alipima hapo ili kujiridhisha tu.

Meupe.

Alipanda ngazi za ghorofa tatu bila kugusa ukuta. Falguni alikuwa amelala jikoni juu ya mkeka, paji la uso lina moto, na Revaben alikuwa akimpepea kwa kawa. Ametapika mara mbili tangu alfajiri, Revaben akasema, lakini labda ni zile halua za Dhuleti. Nirupa akamvuta Falguni kope la chini. Palikuwa peupe. Lakini ugonjwa huu huanza kwa homa, macho huja baadaye, na Nirupa aliyajua hayo kuliko alivyotaka kuyajua. Akamtoa damu ya kupima, kwa mkono wake mwenyewe.

"Majibu lini, mama mdogo?"

"Kesho mchana."

"Basi mpaka kesho mchana usiniangalie hivyo. Unanitisha."

Mchana ule Nirupa hakula. Alizunguka nyumba nyingine zote kumi na tatu akitafuta pampu, akachungulia mabafu na kuinua ndoo, na kila mtu akamwapia kwamba hajawahi kusikia mngurumo wowote. Hilo lilimsumbua. Pampu ya maji huunguruma, na katika uchochoro ambao jirani akipiga chafya unamwombea heri, haiwezi kufanya kazi miezi miwili isisikike.

Saa tisa akamkuta Manharbhai kwenye kifuniko chake, akanywa naye chai ya mtaani. Mzee akakunja uso. Chai hii, akasema, si kama ya Revaben. Kila Jumatatu humpa kikombe, na chai yake ni tamu hata kabla ya sukari, na dengu zake huiva upesi zikalainika.

"Ana majani gani?"

"Si majani, ni maji. Wewe mkwe wake hujui?"

Hakujua, na asingeweza kujua. Wao ni watu wanaoshika desturi: aliyetoa binti hanywi maji nyumbani kwa wakwe wa binti. Miaka mitatu Nirupa alikuwa amepanda ngazi zile mara mia, na kila mara Revaben alimletea kikombe kwa heshima, naye kwa heshima akakigusa kwa kidole na kukirudisha. Alikuwa amepima maji ya kata nzima ila ya kikombe kile kimoja.

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, alipanda tena. Redio ilikuwa ikiimba kwa nguvu zote. Falguni alikuwa usingizini chumba cha pili. Revaben, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na uso wa kupendeka, alimkaribisha na kumletea kikombe cha shaba kama kawaida, akiwa tayari kukirudisha.

Nirupa akakipokea, akanywa.

Revaben akamtazama bila kupepesa macho. "Mkwe wangu. Umekunywa."

"Nimekunywa. Haya si maji ya bomba, Revaben. Haya ni ya mvua."

Revaben hakuona sababu ya kuficha. Tangi la chini ya ua, lile la mababu, ambalo wengine wote wamelijaza kifusi. Alilisafisha kabla ya mvua za mwaka jana na kulijaza kutoka paani. Anayoyanywa Falguni ni hayo tu, akasema, na hata uso ananawa hayo hayo. "Mtungi mmoja kwa siku, naupandisha mwenyewe. Tone la bomba halijaingia kinywani mwa mtoto wako tangu mimba iingie. Naapa kwa mwanangu."

Nirupa alihisi machozi ya nafuu yakija, akayazuia, kwa kuwa kazi ilikuwa bado. Akanyoosha mkono na kuzima redio.

Nyumba ikanyamaza. Na katika kimya kile, kutoka chini ya ngazi, ukasikika mngurumo mdogo, wa taratibu, usiokatika.

Revaben akakaa kwenye kigoda, kwa uzito wake wote.

"Daktari alisema asibebe ndoo," akasema. "Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Ghorofa tatu, Nirupa, na maji ya bomba hayapandi hata ngazi ya kwanza. Kuoga, kufua, choo, vyote viko huku juu. Mwanangu yuko Surat kazini, magoti yangu unayaona. Nikaweka pampu, ijaze pipa la paani. Nusu saa tu kwa siku. Nikaweka na redio, watu wasisikie."

"Kesho yake ya Uttarayan."

"Kesho yake. Ungejua kwa nini." Akajifuta uso kwa pindo. "Mimi pia nilikuwa na mimba ya miezi saba kwenye ngazi hizi, na mtungi wa shaba kichwani. Mama mkwe alisema mimba si ugonjwa. Niliteleza ngazi ya tisa. Alikuwa msichana. Niliapa kwamba mke wa mwanangu hatabeba hata kikombe."

Nirupa akamshika mkono. Kisha, akiwa bado ameushika, akamweleza kila kitu, bila kupunguza: ufa, mfereji, maji yanayonyonywa, watu kumi na saba. Alimtajia majina. Revaben alisikiliza mpaka jina la Harshad, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, na hapo akaanza kulia kama watu wanavyolia msibani.

"Sikujua. Nilidhani naiba maji kidogo tu."

"Najua hukujua."

"Utaandika jina langu?"

"Nitaliandika. Na pampu naichukua."

"Andika na sababu, basi."

"Fomu haina sehemu ya sababu."

"Kuna pembeni," akasema Revaben. "Andika pembeni."

Saa mbili mafundi wa manispaa walifukua kati ya namba saba na nane na kukuta ufa wa upana wa kidole, bomba limelala ndani ya maji taka. Saa sita na dakika ishirini simu ya Nirupa ikalia. Damu ya Falguni haikuwa na kirusi. Ilikuwa homa ya kawaida, na halua. Nirupa alikaa kwenye ngazi ya tisa akalia kwa sauti, na mafundi wakajifanya hawamwoni.

Lakini Revaben hakusubiri majibu hayo. Tangu saa tatu alikuwa ameanza kwenda mlango kwa mlango, namba nane hadi kumi na nne, kwa magoti yake yale, akieleza alichofanya. Wengine walimsikiliza. Wawili walimfungia mlango usoni. Jivkor alisikiliza yote, akamuuliza tu pampu aliinunua wapi, akaingia ndani. Kisha Revaben akafungua tangi la ua wake na kutangaza kwamba kila nyumba ichote maji ya kunywa hapo mpaka bomba lipone. Mpaka jioni hakuja mtu.

Jumapili saa nne asubuhi Falguni alikuwa amevalishwa sari mpya na kukalishwa kwenye kigoda, mapaja tayari. Mchele ulikuwepo, nazi ilikuwepo, vitamu vya watu arobaini vilikuwepo. Wageni walikuwa Nirupa peke yake. Saa nne na nusu Revaben alianza kuvifunika vitamu.

"Hawaji," akasema. "Wana haki."

Ndipo ngazi zikaanza kuongea: vyuma, bangili, watu wakihema na kulaumiana. Wa kwanza kutokea mlangoni alikuwa Jivkor, miaka sabini na miwili, ghorofa tatu, mtungi wa shaba umemkaa kichwani. Nyuma yake wanawake wa namba nane, na tisa, na kumi, mpaka mwisho, kila mmoja na wake. Walikuwa wamechota kwenye tangi la Revaben alfajiri, wakaenda kuyachemsha makwao.

Jivkor akautua mtungi wake miguuni pa Falguni, akapumua mpaka pumzi ikarudi, kisha akamgeukia Revaben.

"Miaka thelathini na moja tumekaa mtaa mmoja. Mwanangu amelala wiki tatu kwa ajili yako, na nimekasirika, na nitaendelea kukasirika mpaka Diwali. Hayo yatapita. Lakini ulikuwa na milango kumi na mitatu ya kugonga, ukaenda kununua pampu. Ungesema tu, Reva. Tungembebea."

Jivkor akamvuta Revaben akamkumbatia, huku akimwambia kwamba amenenepa.

Mitungi saba ikapangwa ukutani. Falguni akajazwa mapaja mpaka mchele ukamwagika. Walipotaka kuanza kula, Revaben, macho mekundu, alijaza kikombe cha shaba akakipeleka kwa Nirupa kama alivyofanya miaka yote mitatu. Wanawake wakatazama, maana desturi waliijua wote.

Nirupa akanywa kikombe chote mbele yao, akakirudisha kitupu, akaomba kingine.